Mkopo Pekee Hautamtoa Mwanamke wa Nairobi Katika Umaskini

Mpango wa kuziunganisha hazina za serikali zinazokopesha wanawake na vijana umerudi tena mezani, na kama ilivyo kawaida yetu mjadala umegawanyika pande mbili. Wapo wanaolalamika kwamba wanawake watapokonywa hazina iliyoundwa kwa ajili yao mwaka 2007, na wapo wanaosema kwamba hazina moja kubwa itapunguza gharama za uendeshaji na kuongeza kiwango cha mkopo. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: kwamba usawa wa kijinsia ni suala la mtaji, na kwamba mwanamke maskini akikopeshwa vya kutosha umaskini wake utakwisha na wa taifa utapungua. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Usawa wa kijinsia unapunguza umaskini, na ushahidi wa jambo hilo ni mwingi, lakini huupunguza pale unapofika kwenye mambo mawili ambayo hazina hizi haziyagusi kabisa, yaani muda wa mwanamke na jina lililoandikwa kwenye mali.

Suala la muda si geni katika jiji hili. Mnamo Julai 1985, wajumbe kutoka kila pembe ya dunia walikutana katika jumba la mikutano la KICC kwa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, chini ya uenyekiti wa Margaret Kenyatta, na hati waliyoipitisha ilizitaka serikali zitambue kazi za wanawake zisizolipwa, zizipime na kuzionyesha katika hesabu za taifa. Wenyeji wa mkutano huo hawakuwa na haraka. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021, miaka 36 baadaye, na ndipo ikabainika rasmi kile ambacho kila nyumba ilikijua: wanawake hutumia wastani wa takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo, ilhali wanaume hutumia chini ya saa moja. Hali hiyo si ya Kenya peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya malezi, na kwamba wanaume waliokuwa nje kwa sababu hiyo hiyo walikuwa milioni 41. Anayejiuliza kwa nini nchi maskini zinabaki maskini angefaa kuanzia kwenye pengo hilo kabla ya kufika kwenye madini, bandari na barabara.

Kinachotatiza ni kwamba vipimo vyetu vya umaskini havilioni pengo hilo. Mwezi Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku, na wengi waliisoma habari hiyo kana kwamba mamilioni ya watu wamefukarika usiku mmoja, ilhali kilichobadilika ni kipimo. Jambo zito zaidi halikuzungumziwa. Iwe ni dola 2.15 au dola 3, hesabu hiyo hufanywa kwa kaya: matumizi ya nyumba nzima huchukuliwa, yakagawanywa kwa waliomo, na kila mmoja akahesabiwa kuwa amepata fungu lake. Mume anayekula nyama kibandani mchana na mke anayelala na njaa ili watoto washibe wanahesabiwa kuwa sawa. Ndiyo maana pia napendekeza tuachane na ile kauli iliyosambaa tangu mwaka 1995, kwamba asilimia 70 ya maskini wa dunia ni wanawake. Haikuwahi kuwa na msingi wa takwimu, na anayeitumia leo anawapa wapinzani wake silaha bure. Ukweli ni kwamba takwimu za kaya haziwezi kutuambia ni wanawake wangapi walio maskini ndani ya nyumba ambazo kwa jumla si maskini. Zinachoweza kutuonyesha, zikisomwa pamoja na takwimu za muda, ni kwamba mamilioni ya nyumba zinaishi kwa mapato ya mtu mmoja wakati zina watu wazima wawili.

Hapa Nairobi jambo hili halihitaji darubini. Alfajiri katika malango ya viwanda vya Industrial Area, watu hujipanga wakisubiri msimamizi atoke kuchagua vibarua wa siku hiyo, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anajua kabla ya kuulizwa kwamba hatachaguliwa. Wenzake wanaofua nguo mitaani, wale tunaowaita mama fua, husubiri kando ya malango ya fleti hadi atokee mwenye nguo, na si kila nyumba inayokubali mfuaji aingie na mtoto. Basi mtoto huachwa kwa deikea, ambayo mara nyingi ni chumba kimoja cha mabati chenye watoto wengi na mlezi mmoja, ada ikilipwa kwa siku. Siku ambayo kazi imekosekana, ada nayo hukosekana, na siku inayofuata mama hubaki nyumbani hata kama kazi ipo. Mkopo wa Hazina ya Hasla ya serikali, ulioanza mwaka 2022 kwa viwango vya kuanzia Sh500 na muda wa kulipa wa siku 14, hauwezi kuifungua pingu hiyo. Mwanamke huyo hana upungufu wa bidii wala wa wazo la biashara. Hana mahali pa kumwacha mtoto.

Hili limejaribiwa hapa hapa. Huko Korogocho, mtaa wa mabanda jijini, watafiti waligawa kwa bahati nasibu vocha za kulipia malezi ya mchana kwa baadhi ya kina mama wenye watoto wadogo, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba uwezekano wa waliopewa vocha kuwa na kazi ulikuwa juu kwa pointi 8.5 za asilimia. Walionufaika zaidi kwa kupata kazi walikuwa kina mama walioolewa. Kina mama wasio na waume walikuwa na faida ya namna nyingine: walihamia kazi zenye saa zinazotabirika bila kupoteza kipato. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko ile takwimu ya jumla. Mama asiye na mwenzake alikuwa anafanya kazi tangu awali kwa sababu hakuwa na hiari, na alichokosa ni nafasi ya kuchagua kazi iliyo afadhali. Mama aliyeolewa alikuwa amefungiwa nyumbani na hesabu ya familia, kwamba ada ya deikea ingemeza ujira wake. Gharama ya mtoto iliwekwa kwenye mizani dhidi ya mshahara wa mama, na si dhidi ya mapato ya wote wawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Watetezi wa mikopo wana hoja nzito na ni haki zisikilizwe. Wanasema kwamba wanawake hulipa madeni, kwamba pesa ya mama hufika kwenye sahani na karo ya mtoto, na kwamba chama cha kina mama kimejenga nyumba na kusomesha watoto nchini mwetu kabla ya serikali yoyote kufikiria hazina. Yote hayo ni kweli. Lakini pale mikopo midogo ilipopimwa kwa makini, matumaini yalipungua. Tafiti sita zilizofanyika katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia, India na Morocco, na kuchapishwa pamoja mwaka 2015, zilikuta kwamba mikopo hiyo iliwasaidia watu kwa kiasi kidogo na haikubadilisha maisha yao kwa namna iliyoahidiwa. Utafiti mwingine uliotumia takwimu za India, Sri Lanka na Ghana, na kutoka mwaka 2019, uligundua sababu mojawapo: mara nyingi mtaji anaopewa mwanamke huishia kwenye biashara ya mume, kwa hiyo biashara yake yeye inaonekana haizai. Biashara za wanawake ambao katika nyumba zao hakukuwa na biashara nyingine zilizalisha kama za wanaume. Kwa maneno mengine, tatizo halikuwa uwezo wa mwanamke, wala halikuwa mkopo wenyewe. Lilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya pesa hiyo ikishafika nyumbani.

Wapo watakaonikumbusha M-Pesa, na wanafanya vyema. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kilimo na kuingia katika biashara, huku athari ikiwa kubwa zaidi katika nyumba zinazoongozwa na wanawake. Huu ndio ushahidi bora zaidi wa upande wa fedha, na mimi naukubali wote. Ila tuutazame vizuri. Manufaa hayo yalipimwa katika uwezo wa kuweka, kupokea na kutuma pesa, si katika kukopa. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kawaida alikuwa na mahali pa kuhifadhi shilingi zake chini ya nambari yake ya siri, mbali na macho ya wengine, na alipopatwa na dharura alipokea msaada moja kwa moja kutoka kwa nduguye bila kupitia mkono wa mtu. Huo ni umiliki. Anayeutumia mfano wa M-Pesa kutetea mikopo ya simu inayotozwa riba juu ya riba anachukua dawa moja na kubandika karatasi ya nyingine.

Na tukishafika kwenye umiliki, hatuwezi kuukwepa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 27 Januari 2023 kuhusu mali ya ndoa, ambao nadhani ni miongoni mwa hukumu zilizosomwa vibaya zaidi miaka ya karibuni. Vichwa vya habari vilisema kwamba mke hana haki ya nusu ya mali. Mitandaoni wanaume walishangilia na wanawake wakaomboleza. Mahakama ilichosema ni kwamba ndoa yenyewe haimpi yeyote nusu moja kwa moja, na kwamba kila upande uthibitishe mchango wake. Katika kesi hiyo hiyo, majaji waliacha mke apate nusu kwa sababu mchango wake ulithibitika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inautambua wazi mchango usio wa fedha, zikiwemo kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Kwa hiyo kwenye karatasi tumefika mbali kuliko nchi nyingi. Ugumu uko kwenye neno "kuthibitisha". Mume ana stakabadhi za saruji na mabati kwa sababu duka huandika stakabadhi, ilhali hakuna aliyewahi kumwandikia mke stakabadhi ya usiku aliokesha na mtoto mwenye homa. Wakili mzuri anaweza kulijenga hilo kwa mashahidi, lakini mwanamke maskini hana wakili mzuri, na njia nafuu kwake ni jina lake kuwemo kwenye hati tangu siku ya kwanza. Huko bado tuko nyuma sana. Uchambuzi wa Kenya Land Alliance, shirika la kutetea haki za ardhi, wa hati miliki zilizotolewa kati ya 2013 na 2017 ulikuta kwamba zilizotolewa kwa wanawake zilikuwa takriban asilimia 10, na sehemu yao ya ukubwa wa ardhi yenyewe haikufika asilimia 2. Asiye na hati hana dhamana, na asiye na dhamana ndiye huyo tunayemtupia mkopo wa Sh500 kisha tukamhesabu kuwa amewezeshwa.

Hoja ya wachumi wa mrengo wa ukuaji ni tofauti na inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa na wanaharakati. Wanasema kwamba usawa hufuata utajiri, kwamba nchi ikikua ajira huongezeka, mabomba ya maji hufika, watoto hupungua kwa kila mama, na mengine hujipanga yenyewe, kwa hiyo serikali ishughulike na uchumi. Kuna ukweli ndani yake. Mabomba na umeme vimewapunguzia wanawake mzigo kuliko makongamano mengi niliyoyasikia. Lakini mfano wao mashuhuri, Bangladesh, unawageukia. Uchumi wa nchi hiyo ulikua kwa viwanda vya nguo ambavyo wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana waliotoka vijijini, na wasichana hao wangebaki nyumbani kuchota maji kusingekuwa na viwanda vya kujivunia. Pale wanawake walikuwa ndio injini ya ukuaji wenyewe. Anayetaka Kenya ishindane kwa viwanda vya nguo vya Athi River na Ruaraka huku akiliahirisha suala la malezi hadi tutajirike, anataka mavuno kabla ya mvua.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopata makofi mengi, ni kwamba mtoto wa kiume amesahauliwa na kwamba usawa ni ajenda ya kigeni. Hofu juu ya vijana wa kiume si ya kubuni. Pombe haramu, ukosefu wa kazi na magenge ya mitaani vinawamaliza, na mwenye macho anayaona hayo kuanzia Dandora hadi Kiambu. Kosa ni kudhani kwamba kilichowapungukia kilichukuliwa na dada zao. Mvulana wa Kayole hakukosa ajira kwa sababu msichana alipewa sodo shuleni. Tena, vocha ya deikea inayomwezesha mama kufanya kazi huongeza kipato cha nyumba ambamo mvulana huyo anakulia, na wazazi wawili wenye mapato humkinga baba dhidi ya kubeba peke yake mzigo ambao mshahara wa kibarua hauwezi kuubeba. Ama kuhusu ugeni, sielewi ni kwa hesabu gani malezi ya watoto na majina kwenye hati za mashamba yetu yamegeuka kuwa mambo ya Ulaya. Hoja ya kupima kazi zisizolipwa ilipitishwa katikati ya Nairobi, kabla ya wengi wanaoiita ya kigeni kuzaliwa.

Kuna ukosoaji mwingine ambao hausemwi sana, labda kwa sababu unatuhusu sisi wasomaji na waandishi wa makala kama hizi. Usawa tuliokwisha kuupata katika nyumba za tabaka la kati umesimama juu ya mgongo wa mwanamke mwingine. Wakili wa Kilimani na meneja wa Upper Hill wanatoka asubuhi kwa sababu yaya ameamka kabla yao, na yaya huyo mara nyingi amemwacha mtoto wake kwa bibi yake kijijini. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini kiliwekwa kuwa Sh16,113 kwa mwezi, na hakuna haja ya utafiti kujua ni nyumba ngapi zinazolipa chini ya hapo, tena nyingine za watu wanaohutubia siku ya wanawake kila tarehe 8 Machi. Baba wa nyumba hiyo hajaongeza hata dakika moja ya kazi. Kazi ya malezi imeshushwa tu ngazi, kutoka kwa mwanamke mwenye pesa hadi kwa asiye nazo, na katika takwimu za umaskini mmoja amepanda huku mwingine akibaki pale pale.

Kama haya yote ni sahihi, basi mwelekeo wa sera unabadilika, na sehemu kubwa ya kazi inatoka kwa hazina za taifa na kuingia City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Chekechea tumezijenga kiasi, vituo vya kulelea tumevisahau. Sheria ya Ajira humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na mtoto huanza chekechea akiwa na miaka minne. Kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa nne hakuna mkono wowote wa serikali, na mama mboga au mfuaji hata hiyo miezi mitatu hana. Tunajua kwamba kaunti inaweza ikitaka, kwa sababu mradi wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, hulisha watoto wa shule za umma chakula cha mchana ambacho mzazi hulipia Sh5. Mradi huo uliuzwa kwetu kama wa lishe na wa masomo, na ni hivyo, lakini mama aliyekuwa akikatiza biashara yake saa sita kurudi nyumbani kupika sasa haihitaji safari hiyo. Kwa maoni yangu huo umefanya zaidi kwa usawa wa kijinsia Nairobi kuliko mipango mingi yenye neno jinsia katika jina lake, ingawa hakuna aliyeuhesabu hivyo.

Hata suala la theluthi mbili ya jinsia bungeni, yaani kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, ambalo Jaji Mkuu David Maraga alilifikisha hadi kumshauri Rais avunje Bunge mnamo Septemba 2020, lina uhusiano na umaskini kupitia mlango huu huu. Huko India, ambako theluthi moja ya viti vya wenyeviti wa mabaraza ya vijiji ilitengewa wanawake kwa kura ya bahati, wachumi Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walionyesha mwaka 2004 kwamba mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliwekeza zaidi katika maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa huko walilalamikia zaidi. Kiti hakikuleta tija kwa sababu ya heshima yake. Kilileta tija kwa sababu aliyekikalia alijua bajeti ielekezwe kwenye saa zipi zinazopotea. Wawakilishi wadi wetu wanawake, walioteuliwa na waliochaguliwa, wana nafasi hiyo kila bajeti ya kaunti inapojadiliwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Deikea za Mukuru, Mathare na Kibra nyingi hazina leseni, baadhi zina msongamano wa kutisha, na siku moja patatokea mkasa ambao utawafanya maafisa waende na makufuli. Kaunti ikianzia huko, mtoto atabaki kufungiwa nyumbani na dada yake wa miaka minane, ambaye siku hiyo hatakwenda shule, na mama yake hatakuwa na namna nyingine. Ruzuku ndiyo itangulie, kwa vocha kama zile za Korogocho zinazomfikia mlezi kwa kila mtoto anayemlea, pamoja na mafunzo na maji safi, kisha ukaguzi ufuate kwa vituo ambavyo tayari vinapokea pesa ya umma na vina cha kupoteza. Wenye vituo hivyo ni wanawake pia, wafanyabiashara kamili wenye wateja wa uhakika kila asubuhi, na kwao hata mkopo wa serikali ungekuwa na kazi ya kufanya.